Bora Kuumbuka Mezani: Mwongozo wa Kusaka Kasoro

Programu iliyofichwa ndani ya kifaa mara nyingi haina pa kulalamikia. Ikikosea, pampu hunyamaza, breki hukawia, roketi hupasuka. Kwa hiyo fundi, kama hutaki kuumbuka mbele ya watu, umbuka mapema mezani. Fuata haya.

1. Kiache kifaa kiwake mpaka kichoke. Kukiwasha dakika kumi, kukipigia makofi na kwenda kunywa chai si kupima. Tarehe 25 Februari 1991, mtambo wa kutungua makombora wa Patriot huko Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewaka takriban saa 100 mfululizo. Kosa dogo katika hesabu ya muda lilikuwa limejilimbikiza hadi theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud likapita, likaua askari 28 wa Marekani.

2. Mpe kifaa mwenye vidole vyepesi. Wewe uliyeiandika programu unaibonyeza kwa adabu, kitufe baada ya kitufe. Mashine ya mionzi ya Therac-25 ilipata wahudumu wazoefu: wakisahihisha maagizo ndani ya sekunde 8, programu haikuyashika mabadiliko yote, na mgonjwa alichomwa. Kati ya 1985 na 1987, wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi.

3. Kifaa kikijizima na kujiwasha, kihoji. Usikishukuru kwa kupona. Chombo cha anga cha Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kisha kikaanza kujiwasha upya mara kwa mara. Ndani ya programu yake, kazi ndogo kwa kipaumbele, ya kukusanya data za hali ya hewa, ilikuwa imeshikilia njia ambayo kazi kubwa iliihitaji. Kazi za kati zikaikatiza ile ndogo, na kubwa ikakwama. Kipima muda cha ulinzi kilipoona kazi haijakamilika, kikawasha mfumo upya. Wahandisi wa NASA waliendesha pacha wa chombo hicho duniani, wakirekodi kila hatua, mpaka kasoro ikajirudia. Dalili zake zilikuwa zimeonekana hata kabla ya safari.

4. Weka ushahidi. Kila kifaa kinapojiwasha, sababu iandikwe kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Taa ya kijani inathibitisha jambo moja tu: umeme upo.

5. Ukiambiwa "ilitokea mara moja tu," usitie saini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wa kulipia ukuta huo huwa ni mgonjwa, askari au abiria.