Muulize Shangazi: Shida za Wasindikizaji wa Shujaa

*Shangazi, shikamoo. Mchumba wangu ni shujaa wa katuni, anaruka angani. Kila nikitekwa na majambazi ananiokoa, kisha ananishusha gatini mbele ya wavuvi, kanga inapepea. Na duka langu nani analiangalia?*
Mwenye Aibu, Kilwa Masoko

Marahaba, mwanangu. Lois Lane alitoka na Superman toleo lile lile la kwanza, 1938, na kwa miaka akashindwa kumtambua kisa miwani tu. Mwaka 1958 akapewa kitabu chake, na bado jina la bwana likatangulia. Wewe wako unamjua. Mwambie mahari kwanza, kubebwa baadaye.

*Shoga, nalea mpwa. Usiku anatokea dirishani, alfajiri anarudi nguo zimechanika, mimi ndiye nashona. Nikimuuliza, eti alikuwa mpirani.*
Mlezi, Kilwa Kivinje

Pole. Peter Parker naye alilelewa na shangazi yake May na mumewe Ben. Buibui alimpa nguvu. Ben alipouawa ndipo akajua nguvu zile ni za kazi gani. Wako akikudanganya bado anakuogopa, malezi yameshika. Ila kesho sindano ashike mwenyewe.

*Shangazi, upepo wa kusi ukivuma shujaa wetu haruki. Nampeleka mimi kwa bodaboda mpaka kwenye kivuko cha Kitunda. Gazetini picha ni yake peke yake.*
Nisiyetajwa, Lindi

Kijana, kisa cha Ali bin al-Hasan unakijua: alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kukizunguka. Je, bei alielewana vipi na mwenye kisiwa? Mkalimani alikuwa Muriri wa Bari, Mwislamu aliyemkuta pale pale. Bila yeye, nguo zingerudi jahazini. Historia ya Kilwa iliyoandikwa karne ya 16 imemtaja kwa jina. Dai nauli yako, halafu mtafute mwandishi.

*Mtaani kwetu hatuna shujaa hata mmoja. Tuhame?*
Wakazi, Pande

Tulieni hapo hapo. Jarida la Sani lilitupa kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, watu wa mtaani wasioweza kuruka hata mtaro, na tulipokezana nakala mpaka kurasa zikalegea. Shujaa akihamia kwenu, mjue na majambazi wake wako njiani, wanatafuta vyumba vya kupanga.