Baba Mkubwa, Huo Mkonge Siuleti

  

Baba Mkubwa, ujumbe wako wa sauti kutoka Mbamba Bay nimeupata huku Tucson, Arizona. Basi zima limeupata, maana umezungumza kama unaniita kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi. Unasema picha ya mmea wa jirani yangu imekupendeza, na nikija likizo nikuletee miche uzungushie ua, mbuzi wa watu wakome.

Mmea wenyewe ni ndugu wa mkonge, wa porini hukuhuku Arizona. Wataalamu huuita Agave palmeri. Majani ni manene, pembeni yana meno ya msumeno, nchani mwiba mweusi unaopita suruali ya jinzi bila hodi. Mwenyewe ni mzee mstaafu. Wajukuu wake wakitarajiwa, huinama na mkasi wa kucha, akakata ncha ya kila mwiba, jani kwa jani, akinong'ona nao. Ukimsalimu wakati huo hakuitikii.

Sasa sikia matunzo. Juni joto hapa hupita nyuzi 40, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 300. Utadhani anaumwagilia asubuhi na jioni. Wapi! Maji yakituama, shina linaoza. Kwa hiyo mzee amenunua mawe ya kuzungushia shina, maji yasituame. Amenunua, Baba Mkubwa, kwa dola, yakaletwa na lori! Bibi kule Mbinga, aliyezeeka akichimba mashimo ya ngoro ya kulimia mlimani, akisikia hilo ataitisha kikao cha ukoo. Ila wenyeji wa kale wa jangwa hili, Wahohokam, angeelewana nao. Zaidi ya miaka 700 iliyopita walirundika mawe kwenye mashina ya mimea ya jamii hii ili unyevu usitoroke, kisha wakaichoma mioyo yake kwenye mashimo ya moto wakala. Watu wa mashimo hujuana.

Kioja chenyewe ni maua. Mmea hukaa miaka 20 na zaidi bila kuchanua, halafu siku moja unatoa mlingoti unaopita paa la nyumba. Popo wanaotoka Mexico huja usiku kunywa utamu wake. Ukimaliza kuzaa mbegu, unakufa. Mmoja wa jirani ulipotoa mlingoti, alialika mtaa mzima. Tukala, tukapiga picha, tukampa pole na hongera kwa pamoja. Mimi nilitafuta daftari la rambirambi, sikuliona.

Lakini Baba Mkubwa, wewe wa kuniagiza mkonge? Babu hakwenda Tanga kuukata? Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza mwaka 1893, akitumia njia ya Florida na Hamburg, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ikajaza Tanga, Korogwe na Morogoro, mpaka mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kusomba manamba kutoka mikoa ya mbali, Songea ikiwemo. Babu alirudi na baiskeli, blanketi na makovu ya mikono, akaapa hataki kuuona tena. Leo mwanawe anataka kuupanda mlangoni!

Tena mche hauingii nchini hivihivi. Unahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na wakaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, hawataki kusikia habari za mbuzi wako. Huu wa jirani wenyewe hautoi machipukizi mengi. Huota kwa mbegu. Ukisubiri ukue, hao mbuzi watakuwa wameacha vitukuu. Mkonge wetu mlingoti wake hudondosha miche tele. Mwombe yeyote mwenye nao akupe. Uupande mbali na njia ya watoto, na ukiukata jihadhari na utomvu, unawasha.

Mimi niagize kitu kingine. Viatu nitaleta, ila namba ya mguu wako hujaituma mpaka leo. Itume, na useme kama ni ya mguu uliovimba au ule mzima.