Jiwe Kwenye Buti

Kwenye buti la gari langu kuna jiwe. Ni la kijivu, ukubwa wake kama kichwa cha mbuzi, upande mmoja bapa, na lina weusi wa tairi usiotoka hata kwa sabuni. Kila anayefungua buti hilo huuliza la nini. Huwa najibu, "Ni sehemu ya mfumo wa breki," naye hucheka. Mimi sicheki.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, lililoshuka melini Mombasa likiwa safi kama sahani ya mgeni. Mjapani aliyelimiliki kabla yangu alikuwa mtu wa utaratibu: viti havikuwa na doa, kijitabu cha matengenezo kilijazwa kwa mwandiko mzuri nisioweza kuusoma, na rimu za inchi 16 hazikuwa na mkwaruzo. Angekuwa amemuuzia mtu mwingine, lingekuwa hivyo mpaka leo.

Bahati mbaya nilikuwa nimeanza kwenda Jumapili kwenye uwanja mdogo wa mbio upande wa Athi River. Huko wahasibu, madaktari wa meno na wauza simu hulipa pesa ili waruhusiwe kufanya yale ambayo madereva wa matatu hufanya bure. Mizunguko miwili ya kwanza nilikuwa bingwa. Wa tatu, breki zilianza kulainika, nikawa kama mtu anayekanyaga ndizi mbivu. Nikatoka, nikafungua boneti.

Ukitaka ushauri wa gari Kenya, fungua boneti tu. Huna haja ya kuuliza. Ndani ya dakika tano nilizungukwa na wanaume saba, wawili wakiwa wamekuja kuuza maji. Mmoja alisema breki ni ndogo. Mwingine akasema rimu ni ndogo. Mzee mmoja mwenye Starlet kuukuu alisema, "Badilisha mafuta ya breki kwanza." Lakini alisema kwa sauti ya chini, na mafuta ya breki ni kitu kisichoonekana. Nani atakusifia mafuta ya breki kwenye maegesho ya kanisa?

Basi nikaanza na rimu.

Nilishuka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nikatangaza kwamba nataka rimu za inchi 18 zenye matundu matano. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, maana matundu matano yapo ya aina nyingi. Gari langu lina nati zilizopangwa kwenye duara la milimita 100. Rimu nilizopewa zilikuwa za duara la milimita 114.3. Ukizitazama kwa macho ni mapacha. Ukizipeleka kwenye gari, nati moja inaingia na nne zinakutazama. Nilirudi dukani nikiwa nimezibeba, na muuzaji hakushtuka hata kidogo. "Bosi, hiyo si shida. Tunatanua tundu kidogo." Nakiri kwamba nilifikiria. Nilisimama pale nikiwaza, hivi milimita 14 ni nini mbele ya Mungu?

Hatimaye nilizibadilisha kwa hasara, nikapata zinazoingia, nikazivisha tairi za 225/40. Wanaojua hesabu za tairi wataona ujanja wake: gurudumu zima linabaki karibu na kimo kilekile cha zamani, milimita 637 badala ya 632, hivyo hata kipima mwendo hakigundui. Kinachopungua ni mpira wa ubavuni, kutoka milimita 113 hadi 90. Milimita 23 tu. Nilidhani ni za mapambo. Kumbe ndizo zilizokuwa zikisimama kati yangu na mashimo ya njia ya kwetu. Siku ya nne niliruka tuta lisilopakwa rangi, nikatua ndani ya shimo lililokuwa likilisubiri tuta, na rimu mbili zikapinda. Fundi alizipasha moto, akazigonga kwa nyundo, akanirudishia zikiwa duara kwa kiwango cha chapati ya mtu anayejifunza.

Halafu kulikuwa na suala la uzito. Gari lilikuwa zito kwenye usukani na zito kuondoka, na nilitaka ushahidi. Mizani pekee niliyoiamini mtaani ni ya bucha, kwa hiyo nikapeleka rimu mbili, ya zamani na mpya, kila moja na tairi yake. Foleni ilikuwa ndefu. Mwenye bucha alizipima bila kuuliza, akasema mpya imezidi kwa kilo tatu na nusu, kisha akauliza kama nataka na mifupa. Kilo tatu na nusu si kitu ukizibeba kwenye kiti cha nyuma. Kwenye gurudumu ni habari nyingine: uzito huo uko chini ya springi, kwa hiyo kila shimo linautikisa, na pia unazunguka, kwa hiyo injini inatoa jasho kuuzungusha na breki zinatoa jasho kuuzuia. Nilikuwa nimetumia pesa kuziongezea kazi breki zilezile zilizokuwa zikilalamika.

Nikauza za 18, nikarudisha za 16, nikaapa kutulia. Nilitulia wiki mbili. Kisha nikaona breki za STI, kaka mkali wa WRX.

Kwa asiyezijua: hizo ni Brembo, na mbele zina diski za milimita 326 mahali ambapo zangu zilikuwa 294, na pistoni nne kila upande. Nyuma, diski za milimita 316. Na zimepakwa rangi ya dhahabu. Hapo akili yangu ilisimama, na ndicho kitu cha kwanza kilichosimama vizuri tangu nianze mradi huu. Chombo kinachobana diski mafundi wetu wanakiita kalipa, na sijapata kusikia kifaa kilichopewa jina la haki kama hilo. Fundi alikuwa akizunguka gari akisema "kalipa hii, kalipa hii," na mimi kila mara nikiitika, maana kweli nililipa.

Zilifungwa kwa siku nzima. Jioni tukachukua gurudumu la inchi 16 turudishe. Halikuingia. Tukalizungusha, tukaligeuza, fundi akalipiga teke la heshima. Breki ilikuwa imejaa pale ndani kama mama mnene kwenye kiti cha mbele cha matatu, haina pa kusogea. Breki hizo zinataka inchi 17 kwenda juu, na hata za 17 si zote, kwa sababu spoki za nyingine hupinda kwa ndani zikagusa kalipa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichopaswa kuelewa mwezi mmoja kabla: rimu haichaguliwi na macho, wala na wenye gari, wala na wauza maji. Inachaguliwa na breki. Mimi nilikuwa nimemnunulia mtoto viatu mara mbili kabla sijapima mguu.

Gari lililala gereji juu ya mawe, bila magurudumu ya mbele. Nyumbani nilikata boksi la maziwa la watoto, nikachora umbo la kalipa kwa vipimo, nikalikata kwa mkasi, nikarudi Grogan nalo mfukoni. "Bosi wa rimu!" walipiga kelele kutoka mlango wa tatu. Safari hii nilikuwa naingiza kadibodi ndani ya kila rimu ya 17 kama daktari, na vijana walikusanyika kuona. Ya sita ilipita. Mke wangu alipoona boksi lililokatwa, na risiti, aliuliza swali moja tu: "Baba watoto, gari hili tulilinunua kwenda au kusimama?"

Swali lake lilijibiwa Jumamosi, tulipokwenda kwa wakwe upande wa Limuru. Boma la baba mkwe liko kwenye mteremko. Niliegesha, nikavuta handibreki, nikashuka na mkate na sukari mikononi. Tulikuwa bado kwenye salamu nilipoona mzee anatazama nyuma yangu. Gari lilikuwa linaondoka. Polepole, bila fujo, kama mgeni aliyechoka na mazungumzo, likielekea kwenye majani ya ng'ombe. Nililikimbilia nikiwa bado na sukari.

Fundi alinieleza baadaye kwenye simu. Handibreki ya gari hili ni ngoma ndogo iliyofichwa ndani ya diski ya nyuma. Kwenye WRX yangu ngoma hiyo ni ya milimita 170. Kwenye STI ni 190. Sisi tulikuwa tumeweka diski za STI juu ya viatu vya WRX, kwa hiyo nilipovuta handibreki, viatu vilinyoosha mikono havikufika. "Ilikuwa nikuambie," alisema.

Baba mkwe hakusema neno. Alizunguka nyuma ya jikoni, akarudi na jiwe, akaliweka chini ya tairi kwa mguu, kama utingo wa lori mwenye uzoefu wa miaka. Akatazama zile kalipa za dhahabu ziking'aa kupitia kwenye spoki. Akatazama jiwe. Tulipokuwa tunaondoka alilifuta vumbi, akalitia mwenyewe ndani ya buti. "Nenda nalo, mwanangu. Huko mjini huenda msipate."

Jumapili iliyofuata nilirudi uwanjani. Mkaguzi alifungua buti, akaniambia kila kisichofungwa kitoke nje ya gari. Nikatoa jiwe. "La nini?" "Handibreki." Alicheka sana, akapiga muhuri.

Mizunguko mitatu breki zilikuwa za ajabu. Wa nne, zikiwa zimepata moto, nilikanyaga kabla ya kona ya kushoto na pedali ikaenda mpaka sakafuni bila kukutana na mtu njiani. Gari lilipita moja kwa moja kwenye nyasi, likasimama hatua chache mbele ya jamaa aliyekuwa anakula hindi la kuchoma. Hakusogea. Alitafuna, akaniangalia, akaendelea.

Mzee wa Starlet ndiye aliyenifuata. Alifungua kopo la mafuta ya breki, akanusa, akauliza yametoka wapi. Ilibidi niseme ukweli: fundi alijazia kutoka kwenye chupa iliyokuwa wazi rafuni tangu uchaguzi uliopita. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. DOT 4 mpya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishakunywa maji asilimia tatu na kidogo, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo mguu wako unabana mapovu badala ya kubana diski.

Na joto lenyewe si mchezo. Nilipiga hesabu usiku: gari la kilo 1,400 likitoka kilomita 100 kwa saa hadi kusimama, joto linaloingia kwenye breki linatosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji, chai ya watu sita. Ukiwa kwenye 140, ni chai ya watu kumi na wawili. Kona baada ya kona, nilikuwa naendesha hoteli.

"Gari husimamishwa na tairi," mzee alisema. "Breki inasimamisha gurudumu tu. Hizo diski zako kubwa ni za kubeba joto, na umezipa mafuta yasiyobeba kitu." Yeye alikuwa na rimu za inchi 14, pedi nzuri, mafuta mapya, na gari lisilofika tani moja. Akanikumbusha Safari Rally ya 1993, Patrick Njiru alipomaliza wa 12 akiwa na Subaru Vivio yenye injini ya cc 658, kigari ambacho mtu angeweza kukisahau sokoni. Mchana ule ile Starlet ilinipita mara mbili, nikiwa nimeegesha na nikiwa naendesha.

Nimebadilisha mafuta. Chupa mpya, imefunguliwa mbele yangu. Breki sasa hazichoki. Kurekebisha handibreki kunataka sehemu nyingine za nyuma za STI, na nilipoulizia bei nilikumbuka kwamba nina watoto.

Juzi baba mkwe alipiga simu. Aliuliza habari za watoto, za kazi, za mvua. Halafu akanyamaza kidogo.

"Na lile jiwe?"

"Lipo, baba. Linafanya kazi vizuri."

"Sawa," akasema. "Mkija mwezi ujao njooni nalo. Yaliyobaki mama yenu ameyajengea banda la kuku."