Kobe Aliyeniangusha Kiembeni

Kiwiko bado kinachonyota, na ukosi wa shati bado unanuka mbaazi. Jana asubuhi, mbele ya mama muuza mahamri, vijana wanne wa bodaboda na mtoto aliyetumwa maziwa, baiskeli yangu ilisujudu. Foko ya mbele ilizama, ikakataa kuinuka, nami nikaendelea na safari peke yangu kwa kupitia juu ya usukani.

"Pole mwanangu," mama akasema. Kisha akaichungulia sufuria. "Na hizi mbaazi nani alipa?"

Nikalipa. Kijana mmoja wa boda akaniinulia baiskeli kwa heshima zote: "Ami, hii si ni ya milimani? Sasa huku Kiembeni mlima uliuona wapi?"

Kosa ni langu, langu na la hadithi nilizolelewa nazo. Chini ya mguu wa kulia wa foko kuna kirungu chekundu cha kuzungusha, na kando yake wamechorwa wanyama wawili: kobe huku, sungura kule. Mtoto wa pwani aliyesimuliwa hadithi akalala, atamchagua sungura? Mbio zile twajua ziliishaje. Nikakizungusha kwa kobe mpaka kikagoma.

Sasa nimejua, kwa gharama ya mbaazi. Ndani ya mguu ule mna mafuta na kitundu. Foko ikibonyea, hewa iliyoshindiliwa kwenye mguu wa pili huisukuma irudi juu, lakini hairudi mpaka mafuta yapenye kwanza kwenye kile kitundu. Ukienda kwa sungura kitundu kinapanuka. Ukienda kwa kobe kinakaribia kuzibwa. Kwa shimo moja hakuna neno: foko inashuka, inajikokota, inarudi. Ila barabara zetu za ndani si shimo moja, ni mikunjo kama bati la paa. Mkunjo wa kwanza ukaishusha. Haijarudi, wa pili ukaishusha zaidi. Wa tatu ukaikuta imeinama tayari. Kufika wa saba haikuwa na pa kushukia tena, imekuwa kigongo kifupi, mimi nimeinamia mbele kama mtu anayetafuta pete. Hapo ndipo lilipojitokeza jiwe la matumbawe.

Kobe, hata hivyo, alikuwa na msaidizi. Muuzaji wa mtumba alinionyesha miguu ya foko ile inavyong'aa, akaniapia ni "ile ya dhahabu yenyewe". Ile yenyewe ipo, na nikiifikiria usingizi hunipaa. Ni kazi ya kampuni ya Kijapani iitwayo Miyaki, na mpako wenyewe huitwa Kashima. Kampuni ya Fox huutia kwenye foko zake za bei ya juu. Bomba la alumini hutumbukizwa kwenye tindikali, likapitishwa umeme, mpaka ngozi yake lenyewe igeuke gamba gumu. Si rangi, ni alumini kuota gamba! Gamba hilo lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na ndani yake hutiwa molibdenamu na salfa, kitu kile kile kilichomo kwenye grisi nyeusi ya mafundi wa magari. Kimejipanga matabaka matabaka kama chapati ya samli, na kila tabaka huteleza juu ya mwenzake. Ile rangi ya hudhurungi ya dhahabu hujitokea tu.

Yangu nilimpelekea fundi. Akaikwangua kwa ukucha.

"Bosi, hii ni rangi ya geti."

Chini ya rangi ya geti palikuwa na chuma kilichopigwa kromu, na chini ya kromu, kutu. Upepo wa bahari haumwachi mtu. Kromu ikishatobokatoboka, mpira wa kuzuia vumbi huing'ang'ania: foko haisogei, haisogei, kisha inachomoka ghafla kama mlango uliokwama. Na ikishazama, kuinuka ni kwa hiari yake.

Kabla ya kuanguka niliwahi kuijaza foko upepo kwenye kituo cha petroli, kwa kuwa vali yake ni sawa na ya gari. Siku tatu niliendesha nguzo. Niliwahi pia kuilaza baiskeli kichwa chini ili mafuta yalowanishe sponji za ndani, jirani akaja kuuliza bei ya spea.

Wajuzi wanasema ukikaa tu juu ya baiskeli, foko ishuke yenyewe asilimia 15 hadi 25 ya mwendo wake. Nimepima kwa mpira wa kufungia noti. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayepanda mlima Jumamosi kwa raha zake. Mimi naenda kununua mkate, na barabara nayo ina hesabu yake. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli nchini Kenya inabeba shilingi 25 za kutunza barabara, na bodaboda anirudishapo usiku hunitoza na hizo. Greda huja, huparuza, hupigwa picha, huondoka; mvua moja, bati limerudi. Kwa hiyo barabara nimeilipia, foko ya kunisaidia kuivumilia nimeilipia, na mbaazi nimezilipia. Kwa hili sicheki.

Leo nimekiweka kirungu katikati, kobe na sungura wagawane. Mama aliponiona nachomoza kwa mbali, aliinua sufuria akaikumbatia.