Upande wa Mama Mkwe

Kelele ilitoka mbele kushoto, anapoketi mama mkwe wangu, na hilo peke yake liliichelewesha kutibiwa. Mume wangu hapokei ushauri wa mamake kuhusu gari.

"Linagonga," bibi huyo alisema tukitoka Kanamkemer kwenda sokoni.

"Ni mawe, mama."

"Mawe yamo ndani?"

Prado yetu ni kuukuu na imeona mengi. Ilitumikia barabara ya zamani ya Lodwar hadi Kakuma, iliyochakaa hata madereva wakaiacha na kupita kandoni, mchangani, kabla ya lami mpya. Kwenye lami hiyo ilinyamaza kimya, kisha ikifika langoni ikapigwa breki, ngo!

Fundi wa nyumbani, yaani mume wangu, akatangaza ugonjwa: shokomzoba. Zikaagizwa Eldoret, zikaja kwa basi, naye akashinda chini ya gari katika joto la Lodwar, ambamo spana ikiachwa juani huishiki tena bila kitambaa. Watoto waliamriwa kurukaruka kwenye bampa. Mimi nilishika tochi na ulimi wangu. Jioni akatupakia sote hadi laga ya Kawalase kusherehekea ukimya.

Ngo.

Zikafuata linki za stebilaiza, kisha bushi. Shokomzoba za zamani, ambazo hazikuwa zimevuja hata tone, zilihamia chini ya kitanda chetu "kama akiba". Bibi hakulalamika. Alikuwa akihesabu, na hesabu zake zote huzifanya kwa mbuzi.

Tulipokwenda kumwona wifi yangu Kakuma, yeye akatupeleka kwa fundi katika kambi ya wakimbizi. Kambi hiyo ipo tangu 1992, na mafundi wake wametoka nchi nyingi. Wetu alikuwa Mkongomani, chini ya mgunga, na hakugusa gari kwanza. Mume wangu alipoanza kusoma orodha ya vipuri vipya, fundi alimgeukia bibi.

"Mama, inalia wakati gani?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Akizungusha usukani gari limesimama, inanigonga nyayoni. Akishika breki, mara moja tu. Barabara nzuri, hapana."

Yule bwana akatikisa kichwa kama daktari. Linki ikilegea, alisema, hulia mfululizo kwenye vishimo vidogo. Sivi jointi hulia tiki-tiki ukikata kona huku gari linakwenda. Hii ya kugonga gari likiwa limesimama, tutafute kwenye viungo.

Jeki hakuiweka kwenye chesisi, aliiweka chini ya mkono wa chini wa gurudumu. Springi ya mbele hukandamiza mkono ule, na boljointi iliyobeba uzito huficha ulegevu wake. Ondoa uzito, iseme kweli. Akashika tairi kushoto na kulia, akalitikisa: kimya, tai rodi ni nzima. Akapenyeza mtaimbo chini ya tairi na kuliinua.

Ngo. Boljointi ya chini. Ile ikichomoka njiani, gurudumu hujikunja chini ya gari, nasi huwa tunapakia watoto wanne. Hapo nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama mgunga.

Boljointi mpya ilipatikana dukani kwa Msomali, hatua chache tu. Fundi alipokuwa akiifunga, akapapasa bushi.

"Hii ulikaza gari iko juu?"

Mume wangu akaanza kueleza ukosefu wa jeki ya pili.

Bushi ya mpira hukazwa gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukiikaza magurudumu yakining'inia, mpira hujipinda siku ukilishusha, na hauchukui muda kuchanika. Fundi akalegeza nati zote, akashusha gari, akakaza upya, wala hakutoza kwa hilo.

Tulirudi Lodwar bila mlio wowote. Bibi aliuliza bei ya boljointi, akafikiri kidogo. "Mbuzi mmoja," alisema. Akauliza ya shokomzoba. Akauliza ya linki, ya bushi, na nauli ya basi la Eldoret.

"Watano," alisema. "Hao watano wako wapi?"

Mume wangu akawasha redio.