Kibandiko Kwanza

Mwaka 2010 mafundi wengi wa programu ya ofisi ya OpenOffice walihama, wakaanzisha LibreOffice. Ujuzi waliuchukua, jina likabaki nyuma, na wateja wakabaki na jina. Toleo la 4.1 la OpenOffice lilitoka 2014, na muongo mzima uliofuata ni viraka juu ya viraka, lakini bado linapakuliwa kama maandazi ya asubuhi. Basi 2020 LibreOffice wakaketi kutafuta mkakati wa soko. Wakaibuka na kibandiko: “Toleo Binafsi”. Wanajumuiya wakaja juu, kikabanduliwa. Mwaka uliofuata kikabandikwa kingine: “Jumuiya”. Hongera zao! Ila yule karani anayechapa barua kwa OpenOffice hajui hata kama LibreOffice ipo. Mwambieni kwanza, vibandiko baadaye.