Mama Tembo na Mama Mkwe

Nimenyang'anywa Jumamosi yangu, na aliyeninyang'anya siwezi kumshitaki popote kwa sababu ni mama mkwe.

Alikuja kutoka Karema mwezi uliopita kutibiwa magoti. Kwa desturi zetu, mtu na mama mkwe wake hawakai sebule moja wakanyoosheana miguu, kwa hiyo yeye jioni hukaa koridoni, nyuma ya pazia, juu ya kigoda chake. Haonekani. Lakini pazia halizibi masikio, na hili letu lina tundu ambalo siku hizi siamini tena kwamba ni kazi ya panya.

Mimi ni mtu wa picha za kauboi. Nimekulia kwenye kibanda cha video hapahapa Nsemulwa: benchi la mbao, ukuta wa turubai, mtafsiri ananguruma kwenye maiki kuliko risasi zenyewe. Sheria ilikuwa moja tu, stelingi hafi. Mwanamke akitokea, mtafsiri alimpa sauti ya kuku mwenye mafua na maneno mawili, "Usiende, mpenzi." Au hakumtafsiri kabisa, akatumia nafasi hiyo kutangaza picha ya saa mbili usiku. Sisi tulijua huo ndio muda wa kutoka kwenda kukojoa. Miaka yote hiyo sikuona tatizo, na nilikuwa tayari kuendelea kutoliona mpaka nizikwe.

Jumamosi ya kwanza nikajiona mwerevu. Nikaenda kwa kijana wa muvi pale sokoni, akanijazia flashi, nikaanza na *Hatari!* Nani angeilalamikia? Jina lenyewe Kiswahili, imepigwa Momella, chini ya Mlima Meru, ikatoka mwaka 1962, nchi ingali mbichi kwenye uhuru. John Wayne ndani ya gari anakimbiza faru kweli, si faru wa karatasi, maana waigizaji walikamata wanyama wenyewe. Zaidi ya saa mbili na nusu za vumbi tupu. Nikaagiza karanga.

Kambini anafika mpiga picha kutoka Ulaya, ametumwa na bustani ya wanyama ya Basel. Wakaribishaji walitegemea mwanamume, kumbe ni dada, Elsa Martinelli. John Wayne akakunja uso, anataka arudishwe alikotoka.

Pazia likakohoa.

"Mwanangu, muulize baba hapo, huyo binti kamera anaijua au haijui?"

"Anaijua, mama," nikajibu.

Mke wangu akageuka akanirudishia swali lilelile, kana kwamba mimi na pazia tunazungumza lugha mbili. Nikajibu tena. Ndivyo tulivyoendelea usiku kucha, kila swali mara mbili.

Binti akapata kazi ya kulea watoto wa tembo. Anawanywesha maziwa ya mbuzi, anawaogesha, wanamfuata kama vifaranga. Wenyeji wakamchezea ngoma na kumpa jina: Mama Tembo. Mke wangu karanga zikampalia. "Mama Tembo! Kumbe anapika pombe?" Nami nikacheka, nikadhani usiku umepona.

"Na hao wanaompa jina," likauliza pazia, "wao wanaitwa nani?"

Nikatazama. Kina mama wamejaa kwenye kioo, wanacheza, wanapiga vigelegele. Nikatazama mpaka ngoma ikaisha. Mgeni kaondoka na jina, wenyeji wamebaki bila.

Halafu ikaja ile sehemu ambayo binti anamuuliza John Wayne anapenda kubusiwa vipi. Msomaji, kama hujawahi kuangalia busu ukiwa na mama mkwe umbali wa hatua tatu, usiniambie habari za faru. Nilikohoa, nikaangusha rimoti, nikaitafuta chini ya kochi kwa dakika nzima. Nilipoinuka walikuwa wameshaachiana.

Ila kilichoniua ni mwisho. John Wayne hana ulimi wa kumwambia mwanamke kwamba anampenda. Faru anamuweza, neno moja limemshinda. Binti akachoka, akaacha barua, akaondoka zake. Na mwanaume akafanyaje? Akaitisha gari, jamaa na watoto wa tembo, wakamsaka kwa harufu hadi mjini Arusha, wakamkamata kama walivyokamata wale wanyama. Nikageuka nikiwa na tabasamu, maana hapo ndipo utotoni tulipokuwa tukipiga makofi.

"Sasa wanampeleka bustani gani?" likauliza pazia.

Jumamosi ya pili nikaona nimpe heshima, nikaweka *High Noon* ya mwaka 1952. Picha ya watu wazima, haina makelele. Mwanzoni tu kuna harusi. Gary Cooper alizaliwa mwaka 1901 na Grace Kelly mwaka 1929, nanyi pigeni hesabu wenyewe, maana pazia lilishapiga. Walipopanda mkokoteni wa farasi kuondoka, likasema, "Huyo mzee anampeleka binti yake kwa nani?" Mke wangu akaeleza kwamba hao ni maharusi. Kimya kirefu. Mimi kwenye harusi yangu nilimzidi mke wangu miaka kumi na moja, na mama mkwe anaikumbuka vizuri kuliko mimi.

Aliyempendeza ni mmoja tu, yule Helen Ramírez, mwenye biashara pale mjini. Alipoona wanaume wote wamenywea mbele ya majambazi, akauza mali yake akakata tiketi ya treni. "Huyo ana mama," likasema pazia. Hata bibi harusi alipomtungua jambazi kwa mgongoni ili kumwokoa mumewe, hakupata sifa ya namna hiyo.

Ya tatu nikaenda na *The African Queen*, 1951, nikijua nimemaliza kesi. Mwanamke ndiye anayeshika usukani kwenye maporomoko. Mwanamke ndiye anayepanga kulipua meli ya Wajerumani, akamwaga na pombe ya nahodha mtoni chupa moja baada ya nyingine. Hapo pazia lilipiga kigelegele, naapa. Nikajitia ualimu, nikamweleza kwamba ile meli ya kwenye picha imetokana na Liemba, hii hii ya Ziwa Tanganyika.

Ningenyamaza. Meli ilipolipuka, mama mkwe alikasirika kama aliyelipuliwa yeye. Liemba gani hiyo? Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, naye kaipanda kutoka Karema hadi Kigoma akiwa na kuku watatu na mimba ya mke wangu. Na wale waliokuwa wakiimba kanisani mwanzoni, kijiji kilipochomwa, wameishia wapi? Mbona hakuna aliyewauliza?

Sikuwa na jibu. Kusema kweli, wale waimbaji nilikuwa nimewasahau dakika ya kumi, na hii picha nimeiona mara sita.

Leo asubuhi ametuma ujumbe kupitia kwa mke wangu kwamba jioni irudiwe ile ya Mama Tembo. Nikasema kwa sauti, kuelekea koridoni, "Lakini mama, ile tumeshaiona, mwisho anakamatwa."

"Najua," likasema pazia. "Akishaacha barua akatoka nyumbani, zimeni hapohapo."